Kukosa Makazi: Maana Yake, na Kazi Iliyopo kwa Anayejitolea

Mwezi Mei 2019, wataalamu walioitishwa na Umoja wa Mataifa walikutana Nairobi kujibu swali linaloonekana jepesi: ni nani wa kuhesabiwa kuwa hana makazi? Jibu lao, kwa ufupi, ni mtu au familia isiyo na mahali panapokalika, isiyo na uhakika wa kutofukuzwa hapo, na isiyoweza kuishi kwa usalama na jamaa na majirani. Mambo matatu basi: pahali, haki ya kubaki pale, na watu. Wengi wetu huishia kwenye la kwanza, tena kwenye paa tu.

Kwa kipimo hicho, anayelala kwenye kibaraza cha duka katikati ya jiji ni mmoja tu kati ya wengi. Wataalamu wale walitaja makundi manne: wanaolala barabarani na kwenye maeneo ya wazi, walio katika malazi ya muda au ya dharura, wanaoishi mahali duni mno pasipo na uhakika wowote, na wale ambao kodi ya nyumba imewashinda kabisa. Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa kupisha barabara, na wengine wakarudi kupiga mahema juu ya vifusi vya nyumba zao wenyewe. Mpangaji aliyeng'olewa mlango na landilodi kwa deni la kodi, akahamia kwa dada yake na watoto watatu katika chumba kimoja, yumo. Bawabu anayelala kazini kwa sababu hana kwingine, yumo pia, ingawa ukimwona asubuhi na sare yake huwezi kushuku lolote.

Kenya ilipohesabu familia za mitaani mwaka 2018, ilipata watu 46,639, na Nairobi peke yake 15,337. Hao ni wa kundi la kwanza. Waliojibana kwa jamaa hawamo, kwa hiyo anayesema tatizo ni dogo akishika idadi hiyo amehesabu robo ya habari.

Sababu zinazowafikisha watu huko zinajulikana: ugomvi nyumbani, kifo cha mzazi, mume mwenye mkono mwepesi, ubomoaji, ugonjwa wa akili usiotibiwa, kazi iliyoisha ghafla. Linalosahaulika ni kwamba mitaa ya Nairobi sasa ina watu waliozaliwa humo humo, na wao wakazaa humo. Ukisema "warudishwe kwao," hawa utawapeleka wapi?

Sheria nayo kwa muda mrefu iliwaona kama wahalifu. Uingereza ilitunga sheria ya uzururaji mwaka 1824, na mfano wake ukasambazwa makoloni. Kenya ilifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997, na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inataja makazi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Hata hivyo, Machi 2020 kafyu ya corona ilipoanza na sote tukaambiwa tukae nyumbani, aliyekuwa hana nyumba alijikuta akivunja amri kwa kule kulala tu.

Sasa kujitolea. Kinachofanyika sana ni maziwa na mkate Jumamosi mchana, nguo za mitumba wakati wa Krismasi, na picha za pamoja. Silidharau hilo, maana mwenye njaa hali mipango. Ila mkate haugusi mambo mawili ya mwisho ya ile maana, yaani haki ya kubaki mahali na watu wa kukaa nao. Sarafu inayotupwa kupitia dirisha la gari ina ubaya wake zaidi: mtoto anayepata pesa kwenye taa za barabarani ana sababu ya kurudi pale kesho, na mara nyingi kuna mkubwa anayemsubiri azichukue, au chupa ya gundi ya kunusa.

Mtoto aliyeshuka kwenye basi leo, bado na begi lake la shule, ni rahisi kusaidiwa kuliko yule aliyekwisha kupata maskani, yaani kijiwe chake cha mtaani, na genge. Ndiyo maana mashirika yanayojua kazi hii huweka watu stendi. Wewe kama mchuuzi, makanga au abiria wa kila siku unaweza kuwa wa kwanza kumwona. Namba 116 hupigwa bure, Kenya na Tanzania, na upande wa pili kuna watu wanaojua afisa wa watoto yuko wapi. Usimchukue ukampeleka kwako, hata kwa nia njema: utajitia matatani na sheria, naye utampotezea njia ya kurudi kwao. Wala usikimbilie makao ya watoto. Mkakati wa Kenya wa kurekebisha malezi ya watoto, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto walelewe katika familia, za damu au za walezi, badala ya kujazwa kwenye mabweni, na hata pesa za wafadhili ingefaa zifuate njia hiyo.

Kwa watu wazima, kizuizi ninachokiona kikubwa kuliko vyote ni kitambulisho. Asiye nacho hasajili laini ya simu, hivyo hana M-Pesa. Haandikishwi kazi ya halali, na majengo mengi ya ofisi mlinzi humrudisha mlangoni. Kukipata kunadai cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, na chifu anayethibitisha kwamba anamjua mwombaji. Kijana aliyekulia mtaani, mama yake marehemu na kijiji chake anakikumbuka nusu nusu, atazungushwa ofisi hadi akate tamaa, tena kwa kuanzia ameshakatazwa kuingia kwa sababu ya nguo zake. Hapa mtu mmoja mwenye subira na nauli ana faida kuliko sufuria kumi za pilau. Aende naye kwa chifu, arudi naye tarehe waliyopewa, amtafute shangazi aliyebaki kijijini, na apige simu kule ambako karatasi zimekwama.

Ukitaka kuanza, ulizia ofisi ya watoto au ya ustawi wa jamii iliyo karibu nawe, au kikundi kinachozuru maskani za mji wenu usiku, uwaulize ni nani ambaye faili lake limelala na anahitaji mtu wa kufuatana naye.