Kwa nini kikoba huvunjwa sanduku likiwa limejaa?

Ukipita Mbagala, Buza au Kimara, hapa Dar es Salaam, katikati ya Desemba, hukosi kukuta akina mama wamevaa sare za vitenge, spika inalia, pilau iko jikoni. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinavunjwa. Mgeni akisikia kwamba watu waliochangishana mwaka mzima leo wanagawana mpaka sanduku libaki tupu, huuliza: mbona mnakiua wakati ndio kwanza kimenona?

Ajabu ni kwamba vikoba vingi vinavyokufa ni vile visivyovunjwa.

Tuanze na sanduku lenyewe. Ni la chuma, lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Sanduku linalala kwa mtu wa nne. Siku ya kikao mwanachama anaitwa kwa namba: "Namba saba, hisa ngapi?" "Tatu." Noti zinahesabiwa kwa sauti ili hata aliyekaa nyuma asikie, kisha mihuri mitatu inagongwa kwenye kitabu chake. Mchango wa mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi, unawekwa kando. Simu yako ikiita, faini. Baada ya hapo ndipo watu wanakopa, kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa zao, na riba wanayolipa inarudi mle mle sandukuni. Mwisho wa mwaka riba hiyo ni yao wenyewe. Aliyewahi kuguswa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, anaijua tofauti.

Mtindo huu una asili yake Niger. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi, shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake vilivyoitwa Mata Masu Dubara, Kihausa kwa maana ya wanawake wenye mbinu. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu zilikaa kichwani: kila mmoja alikariri kiasi kilichobaki sandukuni, na kikao kilichofuata kilianza kwa kukitaja. Huku kwetu tumeongeza vitabu na mihuri, lakini kuhesabu kwa sauti hatujakuacha.

Sasa, kuvunja kunasaidia nini? Kwanza ni ukaguzi usiohitaji mkaguzi. Daftari linaweza kudanganya miezi kumi, ila siku ya kugawana pesa lazima ziwe juu ya mkeka. Mkopo uliofichwa, rejesho lililoandikwa bila kulipwa, vyote vinaibuka siku hiyo. Pili, sanduku zito ni balaa. Linaita wezi, na linakuwa na pesa kuliko wakopaji, hivyo nyingine zinalala tu. Tatu, Dar ni mji wa wapangaji, leo uko Tandika, kesho Kivule. Anayehama huchukua chake Desemba bila ugomvi, na Januari, sare na madaftari ya watoto yakishanunuliwa, wanaobaki wanaanza upya na viongozi waliochaguliwa upya.

Sheria nayo imevitambua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne, na Benki Kuu ikazikasimia halmashauri kazi ya kuvisajili na kuvisimamia. Halmashauri hizo hizo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejea 2024. Mimi naona kikundi kinachoundwa kwa ajili ya mkopo huo tu hakifiki mbali. Pesa ya jirani unairudisha kwa sababu kesho mtakutana bombani.

Lakini kuvunja kuna mahali kunapokwama. Mtaa ukitaka kitu cha pamoja, kisima kwa mfano, huwezi kugawana pampu. Waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wale waliokuwa kwenye vikundi vya akiba vya Shirikisho la Watu Maskini Mijini, walinunua ekari 30 Chamazi wakajenga. Akiba ya kugawana kila Desemba isingefika huko.

Kwa hiyo panahitajika chungu cha pili, kisichovunjwa. Kwenye kisima hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ndoo ya lita 20 ni shilingi 50 na zinauzwa ndoo 300 kwa siku. Shilingi 40 ziende kwenye umeme wa luku, mchota maji na ufundi mdogo mdogo; shilingi 10 zisiguswe. Hizo ni 3,000 kwa siku, na kwa mwaka zinapita milioni moja. Visima vingi hufa kwa sababu bei ilipangwa kwa kuangalia luku peke yake, halafu pampu ikaungua.

Mtaro wa maji ya mvua ni kazi ngumu zaidi. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishika majembe wakachimba mitaro na kutengeneza barabara, Shirika la Kazi Duniani likisaidia. Ila mtaro hauna koki, utamtoza nani? Njia ninayoiamini ni kuufunga na huduma inayolipiwa, kama kuzoa taka, ambayo vikundi vya kata nyingi za Dar vimekuwa vikiifanya kwa ada za kaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Anayepita na toroli Jumanne azibue na mtaro.

Kikundi kimoja ninachokijua Mbagala kina masanduku mawili. Desemba kubwa linamwagwa mkekani, dogo linabaki chini ya meza. Kila mwaka hakosi mmoja wa kuuliza, "Na hilo je?"

Mweka hazina hata hageuki. "Hilo la pampu."