Si Kila Karatasi ya Kiarabu ni Msahafu

Mwezi huu nimeambiwa neno lilelile mara tatu. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja wa Wete, mwenye adabu zake, ambaye tangu kabla ya Ramadhani nilikuwa nikilisubiri bweta la karatasi za babu yake. Kaja mikono mitupu. "Maalim, tumezichoma. Jivu tumelimwaga baharini, kwa heshima zote. Zilikuwa za Mungu zile, Kiarabu kitupu."

Nikamuuliza nani alizisoma. Hakuna. Walifungua, wakaona herufi, khofu ikawaingia.

Hii ndiyo dhana inayoninyima usingizi katika kazi hii ya kukusanya nyaraka za zamani chuoni kwetu: kwamba karatasi yenye herufi za Kiarabu lazima iwe Qurani, dua au hirizi, na ikichakaa njia yake ni moto au bahari. Sipingani na heshima. Msahafu uliochakaa una adabu zake na sote tumefunzwa. Ninachokataa ni kiberiti kutangulia macho.

Herufi si lugha. Kabla a-be-che haijashika visiwani, watu wetu waliandika mambo yao yote kwa alifu na be: deni la duka, barua ya kumwita mtoto arudi kutoka Mombasa, mahari, utenzi, dawa ya tumbo, pishi za karafuu. Mengine ni Kiarabu, mengine ni Kiswahili tupu kilichovaa kanzu. Aliyehitimu chuo cha Qurani kwa maalim wake huweza kuzitamka herufi hizo, lakini kwa kuwa amezoea kusoma asichokifahamu, hashtuki anapokuta "mikarafuu" katikati ya mstari.

Nakiri kwamba kuzisoma si mchezo. Kiarabu hakina p, kwa hiyo mwandishi wa zamani mara nyingi hutia b, na m inayotangulia b huimeza. Matokeo yake baba, papa, bamba na pamba huweza kuandikwa namna moja. Nimewahi kukaa asubuhi nzima na wanafunzi wangu juu ya mstari mmoja wa daftari la duka: huyu bwana anadaiwa pamba au papa? Mpaka mmoja akaona neno la mbele yake ni chumvi. Papa. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sasa fikiria yaliyomo katika mabweta hayo. Kuna hati za bei khiyari, yaani shamba linauzwa kwa sharti kwamba muuzaji akirudisha fedha kwa muda waliokubaliana, shamba lake linarudi. Kwa njia hiyo wenye mashamba walikopa bila kutaja riba. Hati moja hukupa jina la mtaa, idadi ya miti, majina ya mashahidi, na tarehe. Na tarehe ndiyo utamu wenyewe. Hati ya Mfungo Nne (Muharram) mwaka 1289 wa Hijria na hati ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal) mwaka huohuo zina kimbunga katikati yake, kile cha Aprili 1872 kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Shamba lilelile, miezi miwili tu, bei nyingine. Mtafiti gani atakwambia hayo ikiwa karatasi ni jivu?

Hazina ya miswada na vitabu vya Kiarabu iliyoko Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Haikuingizwa kwa sababu ni misahafu. Ndani yake mna utabibu na ubaharia pia.

Kwa hiyo ushauri wangu, na wenzangu wamechoka kuusikia: ukikuta fundo la karatasi kwa bibi, usilifungue ukazipanga upya. Namna alivyozifunga ni ushahidi. Barua iliyokunjwa ndani ya hati imewekwa humo kwa sababu. Piga picha fundo lilivyo, lifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, andika pembeni kwa penseli limetoka nyumba gani, ulilete. Tukikuta aya, tutakuonesha, na hapo utafanya upendavyo.

Dhana nyingine ninazozisikia nitazipitia mbiombio.

"Nimeipeleka ikapigwa laminesheni ili isiharibike." Umeiharibu. Plastiki imeyeyukia kwenye karatasi kwa moto na haitoki tena. Seloteipu nayo ni adui, itakauka na kuacha doa la rangi ya chai.

"Tumeshaskani, karatasi ya nini tena?" Flashi ngapi zimekufia mfukoni? Picha ya kawaida haioneshi alama ya maji, ile chapa iliyo ndani ya karatasi inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Na faili nalo linataka kuhamishwa kila baada ya miaka, kama ng'ombe anavyohamishwa malisho.

"Chuo kikichukua, ndiyo basi tena." Hapana. Kuna mkataba. Unaweza kutuazima tukanakili, ukaondoka na mali yako jioni ileile.

"Historia ni ya masultani na Waingereza." Wao wana makabati yao. Mimi nataka daftari la muuza duka.

Na hii ya walimu wenzangu: "Tasnifu yangu imeshapita, kanda za nini?" Mzee uliyemhoji Makunduchi mwaka 1994 huenda hayupo tena, na sauti yake imo kwenye droo yako, inaota ukungu. Ileteni. Mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi aje nayo pia, maana yetu imekufa tangu Novemba.