Fumbo la Morphy na ugonjwa wa kupenda cheki

Kila Jumamosi, kabla wanafunzi wangu hawajaanza kucheza, napanga fumbo moja la sataranji (chess) ubaoni. Wiki iliyopita lilikuwa la Paul Morphy, yule Mmarekani wa New Orleans aliyemshinda bingwa Mjerumani Adolf Anderssen mjini Paris mwaka 1858. Kete ni saba tu, na kila nafasi ya ubao huitwa kwa herufi ya safu wima na namba ya mstari. Weupe: mfalme c8, ngome a1, askari b6. Weusi: mfalme a8, askofu b8, askari a7 na b7. Mweupe anaanza, chekimeti (mfalme anatishiwa na hana pa kuponea) kwa hatua 2.

Dakika haikuisha, mkono ukanyooka. "Mwalimu, ngome inakula a7, cheki!" Yaani mfalme anatishiwa.

Ni cheki kweli, ila askofu anaila ngome na hatuna tena cha kumtishia nacho.

Siwalaumu. Mafumbo tunayoanza nayo ndiyo yanayowazoesha hivyo. Chukua ile chekimeti ya farasi, iliyomo hata kwenye kitabu cha sataranji cha Mhispania Lucena cha mwaka 1497: malkia anajitoa g8, ngome inalazimika kumla, farasi anatua f7 na mfalme amebanwa na watu wake mwenyewe. Cheki juu ya cheki. Mtoto akishaonja utamu huo, kila fumbo analitafutia cheki.

Mimi huuliza swali moja: Mweusi ana hatua gani? Zihesabuni kwa vidole.

Mfalme hana, nafasi zote zinazomzunguka zina kete zake. Askari wa b7 ameshikwa na b6. Askofu anaweza kuteleza kutoka c7 hadi h2, lakini akiondoka tu, ngome inakula a7 na mchezo umekwisha: b6 anailinda ngome, mfalme wetu analinda b8. Wa a7 je? Hawezi kula b6, maana atamwacha mfalme wake wazi mbele ya ngome. Ila anaweza kwenda mbele, a6 au a5. Hapa ndipo darasa huwa kimya kidogo, kwa sababu wengi walishamhesabu kama amefungwa.

Basi pumzi ya Mweusi ni hiyo moja. Ngome inakwenda a6, bila cheki yoyote, inaketi mbele ya huyo askari. Sasa Mweusi hataki kucheza, lakini zamu ni yake. Akisogeza askofu, ngome inakula a7. Akiila ngome kwa askari wa b7, wetu wa b6 anasogea b7: chekimeti.

Wengi huiita hatua hiyo sadaka. Mimi sipendi sana neno hilo hapa. Ngome haikwenda a6 ili iliwe, ilikwenda kuziba mlango.

Binti mmoja aliyekaa nyuma akapinga. Alitaka ngome iende a2 tu, isubiri. Tukacheza yake: askari mweusi a5, ngome inamla kwa cheki, askofu anajikinga a7, ngome inamla na yeye. Chekimeti, hatua 3. Tukajaribu na askari mweusi kwenda a6, ikawa vilevile 3.

"Kwani Mwalimu, kushinda kwa tatu kuna ubaya gani?"

Kwenye mchezo wa kweli, hakuna. Nikampa pointi nusu, akanuna.