Sant Climent de Taüll: kanisa lililovuliwa rangi

Wanaoniuliza kuhusu makanisa ya kale ya Hispania karibu wote husifia mawe: ya kijivu, matupu, mazito. Jibu langu ni lilelile. Fundi aliyejenga hakukusudia uyaone. Alipiga lipu, kisha akaja mchoraji.

Chukua Sant Climent, kanisa la kijiji cha Taüll, bonde la Boí, huko Catalonia, katika milima ya Pirenei. Tarehe yake haina ubishi, maana iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo, kwa Kilatini: Askofu Ramon wa Barbastro alilitabaruku tarehe 10 Desemba 1123. Kesho yake akatabaruku Santa Maria, palepale Taüll. Makanisa mawili ndani ya siku mbili, kijiji chenyewe kidogo! Fedha zilikuwa za mabwana wa Erill, waliotajirika kwa vita vya kuteka ardhi za Waislamu upande wa Aragon.

Ndani kuna kumbi tatu sambamba zilizotenganishwa na nguzo nene za duara, zisizo na mapambo ya kuchongwa sehemu ya juu. Paa ni la boriti za mbao. Mafundi wengi wa enzi hiyo walikuwa tayari wakifunika makanisa kwa matao ya mawe, lakini tao la mawe husukuma kuta nje, na hudai kuta nene za kulizuia. Paa la mbao halina ugomvi huo. Mawe yamewekwa juu upande wa mashariki tu, kwenye apsi, yaani kile kipande cha nusu duara nyuma ya altare kinachofunikwa na nusu-kuba. Mnara wa kengele, wa mraba na wenye ghorofa sita, umesimama kona ya kusini-mashariki, na vijitao vyake vya pambo ni mtindo ulioletwa na mafundi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia.

Utajiri wote ulikuwa kwenye rangi. Katika nusu-kuba ameketi Kristo, ameshika kitabu kilichoandikwa EGO SUM LUX MUNDI, “Mimi ni nuru ya ulimwengu”. Mikunjo ya joho lake imepangwa kwa mistari mikali kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Lakini ninayempenda zaidi ni Lazaro maskini, mlangoni pa tajiri, mbwa akimlamba vidonda. Mchoraji yule, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alijua mbwa anavyosimama.

Leo Lazaro yuko Barcelona, kwenye jumba la makumbusho. Mwaka 1919 michoro ya kanisa jingine la Catalonia, Santa Maria de Mur, ilikuwa imeshauzwa, ikaishia Boston, Marekani. Wakuu wa makumbusho wa Barcelona wakashtuka, wakawaajiri mafundi wa Kiitalia chini ya Franco Steffanoni waing'oe michoro ya bonde zima kabla wafanyabiashara hawajafika. Kazi iliendelea hadi 1923. Kitambaa hupakwa gundi ya wanyama na kubandikwa juu ya mchoro. Gundi ikikauka hujikunja, na kitambaa kikivutwa hutoka na ngozi ya rangi. Kisha rangi hubandikwa kwenye kitambaa kipya kwa nyuma, na gundi ya mbele huyeyushwa kwa maji ya moto.

Je, walikosea? Kwa maoni yangu hapana, ukizingatia kilichotokea Mur. Ila kung'oa hakukomboi kila kitu: rangi nyingine ilibaki imenyonywa na lipu. Kwa miaka mingi nakala ya michoro ilifunika apsi. Ilipoondolewa, mabaki halisi yakaonekana, na tangu 2013 michoro kamili hurushwa ukutani kwa taa za projekta. Mimi si shabiki wa maonyesho ya taa, lakini haya nayatetea: ndiyo nafasi pekee ya kuona michoro ikiinama na ukuta wenyewe, kwa vipimo vyake.

UNESCO ililiingiza Sant Climent na makanisa mengine ya bonde kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukipata nafasi ya kwenda, anzia Taüll, Barcelona ifuate. Ukianzia jumba la makumbusho, ukifika bondeni utaona mawe tu.