Darubini ya kuwindia dubu mweusi: yanayosemwa na yalivyo

"Darubini ikikuza zaidi, ndiyo bora zaidi." Dhana hii imewala watu fedha nyingi. Mtu ananunua darubini ya bunduki inayokuza hadi mara 24, kisha anakwenda Maine, Marekani, ambako wengi humvizia dubu kwenye chambo, mara nyingi chini ya mita 50. Kwa umbali huo utaona manyoya matupu, usijue ni bega au paja. Ya mara 2 hadi 7 inatosha na kubaki. Hata ile iliyozoeleka ya 3 hadi 9 haina neno, mradi uiache kwenye 3.

"Darubini nzuri huona gizani." Hakuna lenzi inayozalisha mwanga. Lakini dubu hupenda kutokea jua likizama, na Maine inaruhusu kuwinda hadi nusu saa baada ya machweo; dakika hizo ndizo za kununulia kioo. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Darubini ya mkononi ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inakupa duara la mwanga la milimita 5.25, ya 10x42, 4.2, kile kijidude cha mfukoni cha 10x25, 2.5 tu. Linganisha duara hilo na mboni ya jicho: ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na hupungua umri ukisogea. Dukani, ishike kwa mkono ulionyooka uielekeze kwenye mwanga: utaliona duara lenyewe, jeupe, katikati ya kioo cha jicho.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi sana. Nyuzi nyembamba nyeusi za kulengea, juu ya mnyama mweusi, saa moja jioni, hazionekani. Tafuta nyuzi nene au nukta inayowaka, na uififishe. Ikikolea itakutia kiwi.

"Ya bunduki inatosha, ya mkononi ni mzigo." Hapa sina subira. Kutazamia kwa darubini ya bunduki ni kuelekeza mtutu kwenye kitu usichokijua, na kitu hicho chaweza kuwa mwindaji mwenzio. Tena, lazima umjue dubu mwenyewe. Jina lisikudanganye: dubu mweusi huweza kuwa kahawia, wa rangi ya mdalasini, hata mweupe kule pwani ya British Columbia, Kanada. Katika jimbo la Montana anaishi jirani na grizli, aina nyingine ya dubu, anayelindwa na sheria ya Marekani tangu 1975, ndiyo maana jimbo hilo humtaka mwindaji afaulu kwanza mtihani wa kutambua dubu. Tazama nundu ya mabegani, uso uliobonyea na kucha ndefu: hizo ni za grizli. Kisha masikio. Ya dubu mdogo huonekana makubwa, yamesimama juu ya kichwa. Ya dume pevu huonekana madogo, yamesukumwa pembeni. Usisahau kuinua darubini mitini, maana watoto hupanda juu mama akiwa chini, na majimbo mengi hayaruhusu kumpiga jike mwenye watoto.

"Isiyopitisha maji haishiki ukungu." Ndani, kweli, kwa kuwa imejazwa gesi kavu. Nje, pumzi yako tu inatosha kuififisha. Usiivalie ndani ya koti lenye joto, na weka kitambaa kikavu mfuko wa juu, unakofika bila kujitikisa.