Maverick hakuwa tajiri wa ng'ombe

Huko Texas bado husimuliwa kwamba Samuel Maverick alikuwa bwana wa ng'ombe mwenye hila: eti aliacha makusudi kuwapiga chapa ng'ombe wake, ili aweze kudai kila ng'ombe asiye na alama kuwa wake. Simulizi hiyo inamwonea.

Alikuwa mwanasheria na mnunuzi wa ardhi, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru wa Texas mwaka 1836, kisha meya wa San Antonio mwaka 1839. Ng'ombe walimjia kwa deni tu: mdaiwa wake wa dola 1,200 alimlipa ng'ombe wapatao 400. Akawaacha kwenye rasi ya Matagorda, mikononi mwa watumwa wake (ndiyo, alimiliki watu, na hilo halifai kufichwa). Ndama wakazaliwa, wakakua na kuzurura, mapaja hayana hata kovu la chuma cha moto. Majirani wakawa wanawaita kwa jina lake, na mpaka leo Waingereza na Wamarekani humwita hivyo mtu asiyefuata mkumbo.

Mwaka 1856 aliuza kundi lote. Mali yake hasa ilikuwa ardhi, na kipande kimojawapo ndicho leo bustani ya umma ya Travis Park, katikati ya San Antonio.