Mnada uko kwenye skrini, bei inaanzia kwenye jamvi

Katika mkutano mmoja wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wilayani Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mzee aliyekaa kimya tangu asubuhi aliinua mkono akauliza: "Mwanangu, huyo mnunuzi yuko Dar es Salaam, korosho zangu ziko hapa ghalani. Amezionja wapi mpaka akazipangia bei?" Watu wakacheka. Nikamjibu: mzee wangu, hajazionja. Amesoma karatasi.

Tangu msimu wa 2024/2025, korosho ghafi zinazopita kwenye stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mzigo ghalani na kupewa stakabadhi, kisha unauzwa mnadani) zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Kabla ya hapo wengi tulizoea sanduku: mnunuzi anatumbukiza bahasha yenye bei, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima, bei zinasomwa kwa sauti. Lilikuwa na uwazi wake, tusilidharau. Ila mnunuzi asiye na mtu wa kumtuma mpaka Newala au Liwale alikuwa nje ya mchezo. Siku hizi anayetaka mzigo anajisajili, anaweka dhamana, anasoma katalogi ya mauzo akiwa ofisini kwake, kisha anaingiza bei na tani anazotaka. Dirisha likifungwa, mfumo unazipanga bei kuanzia ya juu kushuka mpaka tani zilizopo ziishe. Ndiyo maana matangazo ya mnada husema bei ya juu ni kiasi fulani na ya chini ni kiasi fulani.

Skrini hiyo haiamui kuuza. Wakulima waliokusanyika ndio wanaokubali au kukataa, na wanaweza kukataa kwelikweli. Oktoba 2018, enzi za bahasha, wakulima wa kusini waligomea bei za minada, na mwezi uliofuata Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana swali la mzee liko hapo.

Katalogi inamweleza mnunuzi ghala liko wapi, tani ni ngapi, ni daraja la kwanza au la pili, na ubora wake ukoje. Ubora huo haukadiriwi kwa macho. Mpimaji huchota korosho kutoka magunia mbalimbali ya shehena, anazichanganya, anapima kilo moja, kisha anazikata moja moja. Korosho karanga, yaani kiini cha ndani, zilizo safi zinawekwa upande wake. Zenye madoa au zilizosinyaa zinahesabiwa nusu ya uzito wake. Zilizooza au kuliwa na wadudu hazihesabiwi kabisa. Tuseme karanga safi zimefika gramu 270 na zile za nusu ni gramu 20. Jumla inakuwa gramu 280 kwa kila kilo ya korosho ghafi. Kwa gunia la kilo 80 hiyo ni kilo 22.4 za karanga, na kwa kuwa biashara hii duniani bado inahesabu kwa ratili (pauni), mnunuzi wa Vietnam au India anaandika ratili 49 na kitu. Namba hiyo ndiyo "kuonja" kwake. Ikiwa 45, atashusha bei. Ikiwa 52, atapandisha ili asipitwe na mwenzake.

Halafu kuna unyevu. Korosho iliyoanikwa siku moja na kukimbizwa kwenye mzani inaonekana nzito, na wapo wanaofurahia uzito huo. Ikizidi asilimia 10 ya unyevu, wiki kadhaa ndani ya kontena baharini inaota ukungu. Mnunuzi aliyeumia mara moja hasahau jina la ghala. Msimu unaofuata ataliona kwenye katalogi na kupunguza bei ya kila mtu, pamoja na yule jirani yako aliyeanika jamvini siku tatu akageuza, akachambua, akatoa mawe na mabibo yaliyokauka. Hapo ndipo soko la mtandaoni lina ukali kuliko soko la macho kwa macho. Ana kwa ana ungeweza kumbembeleza mnunuzi. Kwenye mtandao anabaki na namba tu, na namba hiyo mmeitengeneza wote mliopeleka mzigo ghala moja.

Watu huniuliza kama mfumo huu utapandisha bei. Peke yake, hapana. Mwaka 2000 General Motors, Ford na DaimlerChrysler walianzisha soko la mtandaoni la vipuri, likaitwa Covisint. Wenye viwanda vya vipuri wakaona wameitwa kunyolewa bila maji, maana ushindani ulikuwa wa kushusha bei zao. Wengi hawakulipenda, na mwaka 2004 likauzwa kwa kampuni ya programu. La kwetu limegeuzwa: wanunuzi ndio wanaoshindana kupanda. Lakini ushindani unahitaji watu. Wakijitokeza wanunuzi watatu, na jana yake walikunywa chai pamoja, skrini itaonyesha bei mbovu kwa uwazi wa hali ya juu.

Fedha nazo zina njia yake. Aliyeshinda analipa ndani ya siku zilizowekwa, na mzigo hautoki ghalani mpaka malipo yathibitishwe. Kisha yanakatwa makato: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, ushirika na mengineyo. Kinachobaki kinakwenda kwenye akaunti ya mkulima. Njia ni salama, ila si ya haraka. Kuanzia siku ya mzani mpaka simu iite mlio wa benki zinaweza kupita wiki kadhaa, na kangomba, yaani mnunuzi wa mitaani anayenunua nje ya mfumo, anazijua wiki hizo kuliko sisi wote. Anafika nyumbani na bakuli lake na fedha taslimu, mtoto ana ada, mama anaumwa. Nimesikia wakulima wakiitwa wajinga kwa kumuuzia kangomba. Sikubaliani. Anayeuza kilo kwa nusu bei mwezi Septemba ananunua muda, na soko letu halijamuuzia muda kwa bei nafuu. Stakabadhi ya ghala kisheria inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo. Ingetumika hivyo kwa wingi, hata kwa mkopo mdogo wa wiki tatu, kangomba angepungukiwa na wateja. Mpaka hapo, mapolisi na vizuizi vya barabarani vitamkimbiza tu kutoka njia moja kwenda nyingine.

Mkutano ulipokwisha, mzee alinifuata chini ya mwembe na stakabadhi yake imekunjwa mara nne. Kilo zilikuwepo, tarehe ilikuwepo, jina lake sahihi. Sehemu ya daraja ilikuwa tupu. Nikamuuliza kama aliiona alipokabidhiwa. "Niliona," akasema, "nikajua mashine itajaza." Tukarudi pamoja kwa karani wa mzani kabla hajafunga daftari.